Uzi: Tunayodanganyana kuhusu kazi za mtandaoni, na hali halisi ukiwa Dar

Wakuu, habari za saa hizi.

Ukitaja kazi za mtandaoni kijiweni, iwe Sinza, Tabata au Mbagala, utasikia sauti mbili. Mmoja atakwambia ni utapeli mtupu, hakuna mzungu wa kumtumia hela mtu asiyemjua. Mwingine atakwambia kuna jamaa Mbezi anaingiza dola elfu tatu kwa mwezi kwa simu tu, amelala. Wote wawili wanaumiza watu. Wa kwanza anamkatisha tamaa kijana mwenye ujuzi wake asijaribu kabisa. Wa pili anamfanya binti wa watu akakope laki moja alipie "usajili" wa kazi ambayo haipo.

Mimi natunza hesabu za biashara ndogo za Uingereza na Marekani: ankara, mishahara, kulinganisha taarifa ya benki na kilichoandikwa kwenye programu za hesabu, QuickBooks au Xero. Nafanyia nyumbani, Segerea, na ndiyo kazi inayolipa kodi ya nyumba na ada za watoto. Ninachotaka kusema kwenye uzi huu ni kimoja: hii ni kazi kama kazi nyingine. Ina bosi, ina muda, ina gharama na ina makato. Kabla hujaitukana au kuitukuza, ipigie hesabu kama unavyoipigia kazi yoyote. Uzi ni mrefu, vumilieni. Maswali ulizeni, nitajibu humu humu.

Kubonyeza na kulipwa

Nianze na hili maana ndilo linalokula hela za watu kila siku. Unaingizwa kwenye kundi la WhatsApp au Telegram. Unaambiwa upende video kadhaa, utume picha ya skrini, ulipwe elfu tatu. Na kweli unalipwa, inaingia kwenye simu, mara mbili tatu. Hapo ndipo unapoaminishwa. Kisha inakuja "kazi ya daraja la juu": weka elfu hamsini, utatoka na elfu sabini. Unaweka, inarudi. Unaweka laki mbili, akaunti inasoma laki tatu, ila ukitaka kutoa unaambiwa ulipie kodi kwanza, au upande daraja kwanza. Ile laki tatu ni tarakimu zilizochapwa kwenye skrini, hakuna hela nyuma yake. Mwanzoni mwa 2025 tuliona mpango wa namna hii ukienea mikoani mpaka Dar, watu wanalipia kuingia ili walipwe kwa kutazama matangazo. Uliishia mikononi mwa polisi, na walioweka akiba zao wakabaki wanaulizana kwenye makundi.

Kuna swali moja la kuuliza kabla ya yote: nani anailipia kazi hii, na yeye anapata nini? Mwenye duka la mikate Uingereza ananilipa kwa sababu asipowasilisha VAT yake kwa wakati, mamlaka ya kodi ya kwao, HMRC, itamwadhibu. Mwenye duka la mtandaoni analipa mtu wa kujibu wateja kwa sababu mteja asipojibiwa anarudisha mzigo. Sasa niambie, mtu anayekulipa elfu tatu kwa kupenda video, yeye anauza nini? Ukikosa jibu, ujue kinachouzwa ni wewe na wale utakaowaleta.

Mdau wa Ubungo aliandika: Mkuu, unasema tusilipie kazi, mbona Upwork, lile jukwaa la kutafutia kazi, wenyewe wanauza Connects, zile tiketi za kuombea kazi? Si yale yale?

Mwanzisha uzi: Swali zuri, na wengi wanachanganyikiwa hapa. Upwork kweli wanauza Connects, moja senti 15 za dola, na ombi moja la kazi linaweza kula kumi au zaidi. Ni gharama halisi, iwekeni kwenye bajeti. Ila tofauti iko kwenye kinachoahidiwa. Pale unalipia kupeleka barua yako mezani kwa mteja, na unaambiwa wazi kwamba anaweza kumchukua mwingine. Hakuna anayekuahidi kwamba ukinunua Connects 100 utapewa kazi. Tapeli yeye anakuuzia kazi yenyewe, au faida yenyewe. Mtu akishasema "lipia, kazi ni uhakika", mjadala umeisha, hata akiwa na nembo ya kampuni kubwa kwenye picha yake ya WhatsApp.

Na jihadharini na Telegram hata ndani ya majukwaa halali. Mteja akikuandikia leo hii kwamba muendelee Telegram na malipo yatakuwa nje ya jukwaa, hapo umepoteza ulinzi wote. Ndani ya jukwaa, kwenye kazi ya bei moja, mteja anaweka hela kabla hujaanza na jukwaa linaishikilia. Nje, unabaki na ahadi.

"Kazi ya mbali unafanya popote duniani"

Hili linawavunja moyo vijana wengi wenye sifa. Anaona tangazo la kazi ya mbali, anatuma maombi, kimya. Anatuma mengine, kimya. Anahitimisha kwamba Waafrika hatutakiwi. Ubaguzi upo, sikatai, lakini mara nyingi jibu lilikuwa limeandikwa chini ya tangazo: muombaji awe anaishi Marekani, au awe na kibali cha kufanya kazi Uingereza.

Sababu yake ni sheria na kodi. Kampuni ya nje ikikuajiri wewe uliye Dar kama mwajiriwa kamili, inabebeshwa sheria za kazi za hapa: saa 45 kwa wiki, likizo ya mwaka ya siku 28, uzazi siku 84, michango ya NSSF, kukata kodi ya mshahara (PAYE). Nyingi hazitaki kuhangaika na ofisi wasizozijua. Zinazotaka hupitia kampuni za kati kama Deel au Remote zinazobeba hayo makaratasi. Nyingine, na hizi ndizo nyingi, zinakuchukua kama mkandarasi.

Kwa hiyo soma tangazo mpaka mwisho. Ukikuta wameandika EMEA, maana yake Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika, hapo tumo. Wakiandika saa za kazi tu bila nchi, tuma. Wakitaja nchi moja, okoa nguvu zako.

Na ukichukuliwa kama mkandarasi, elewa umepata nini. Huna likizo ya kulipwa. Ukilala na malaria wiki nzima, wiki hiyo haina hela. Hakuna anayekuwekea NSSF, wakati mwenzako wa ofisini anawekewa asilimia 20 ya mshahara kati yake na mwajiri. Mfuko unapokea waliojiajiri, nendeni mkajiandikishe wenyewe. Bima ya afya vilevile. Nimeona watu wanafananisha dola 400 za mkataba wa mtandaoni na mshahara wa ofisini wa laki tisa, wanasema mtandaoni ni zaidi. Toeni kwanza bima, akiba ya uzeeni, bando, umeme na siku za kuumwa, ndipo mlinganishe.

"Unafanya muda unaotaka"

Baadhi ya kazi, ndiyo. Tafsiri, kuhariri video, kazi unayopewa tarehe ya kuikabidhi tu, hizo utajipangia. Lakini kazi nyingi zinazolipa kila mwezi zina saa za mteja, na saa za mteja hazijali kwamba kwetu ni usiku.

Hesabu iko hivi. Ofisi ya New York ikifunguliwa saa tatu asubuhi, Dar ni saa kumi na moja jioni. Wakifunga saa kumi na moja jioni yao, wewe ni saa saba usiku. Hiyo ni majira yao ya baridi. Kipindi cha joto wanasogeza saa mbele, kwako inapungua saa moja. Mteja wa California ni mbaya zaidi: anaanza saa mbili usiku ya kwetu, na ukimfuata mpaka mwisho unamaliza saa kumi alfajiri. Uingereza na Ulaya wanatufaa zaidi, saa tatu asubuhi ya London ni saa sita mchana hapa, au saa tano kipindi cha joto. Dubai wametutangulia saa moja tu.

Jambo moja linalowakuta wageni wa kazi hizi: Marekani wanabadili saa Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba, Uingereza Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Katikati hapo kuna wiki ambazo mpangilio wako wote unayumba, kikao cha mteja mmoja kinahama na cha mwingine kinabaki. Sisi hatubadili saa, kwa hiyo simu yako haitakushtua usipoiwekea kalenda ya mteja.

Halafu kuna ufuatiliaji. Kwenye mkataba wa Upwork wa kulipwa kwa saa unawasha programu yao kwenye kompyuta. Ndani ya kila dakika 10 inapiga picha ya skrini yako, wakati gani hasa hujui, na inahesabu umegusa kibodi na kipanya mara ngapi. Mteja anaziona picha hizo zimepangwa saa kwa saa. Wiki inafungwa Jumapili saa sita usiku kwa saa za UTC, yaani kwetu Jumatatu saa tisa usiku. Mteja anapewa mpaka Ijumaa kukagua, na hela unaiona kwenye salio lako Jumatano ya wiki inayofuata. Kwa hiyo saa ulizofanya Jumatatu ya kwanza, hela yake unaigusa baada ya wiki mbili na siku kadhaa. Anayedhani mtandaoni analipwa leo leo aanze kujipanga na kodi ya nyumba mapema.

Mdada wa Kimara aliandika: Asante kaka kwa uzi. Mimi nahudumia wateja wa duka la mtandaoni la Marekani kwa kuchati, zamu yangu inaanza saa kumi na moja jioni. Umeongelea mteja na saa zake, ongelea na nyumbani. Kwetu mimi ndiye "asiye na kazi". Mgonjwa akiwa Muhimbili, mimi ndiye wa kupeleka chakula. Fundi bomba akija, mimi. Mama mkwe ananiambia kabisa, wewe si unashinda kwenye simu. Nikifunga mlango naambiwa nina dharau. Majirani wao wanaamini natapeli wazungu.

Mwanzisha uzi: Dada yangu, pole, na umeligusa jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote kwenye uzi huu. Watu wetu wamezoea kuona kazi kwa macho: mtu anaamka alfajiri, anagombania daladala Gongo la Mboto, anarudi usiku amechoka. Asiyetoka nyumbani hana kazi. Kwa wanaume wanakuita mvivu au tapeli, kwa wanawake wanakugeuza mfanyakazi wa nyumba wa ukoo mzima. Na gharama yake ni hela kabisa: ukiondoka kwenye zamu ya kuchati dakika ishirini kumpokea fundi, wateja wanasubiri, alama zako zinashuka, na alama zikishuka mkataba hauongezwi.

Kilichosaidia kwangu na kwa wenzangu ninaowafahamu ni kuitaja kazi kwa jina la kazi. Usiseme "nipo online". Sema "mimi ni mhudumu wa wateja wa kampuni ya Marekani, naingia zamu saa kumi na moja, natoka saa saba usiku". Andika ratiba, ibandike mlangoni ikiwezekana. Mkalishe mama, kwa heshima zote, umweleze chakula cha Muhimbili utapeleka mchana, kabla ya zamu. Mwonyeshe mzee taarifa ya benki yenye jina la kampuni. Mzee akishaelewa kwamba kuna mwajiri, yeye mwenyewe ndiye atakayewanyamazisha wengine sebuleni. Na mume, kama yupo, aseme yeye kwa mama yake. Maneno hayo yakitoka kwa mtoto wake yanapokelewa tofauti na yakitoka kwa mkwe.

Kuhusu majirani, mjumbe wa mtaa akikufahamu na kazi yako anaifahamu, maneno yanapungua. Wapo vijana wanaotapeli kwa mtandao, ni kweli, na wametuharibia jina. Ndiyo sababu nawaomba wote tufanye kazi zetu kwa majina yetu.

"Dola ni dola"

Hapa mnisikilize vizuri, maana ndiko wengi wanakojipigia hesabu ya uongo. Tuseme umepata kazi ya dola 100. Ikiwa ni Fiverr, jukwaa jingine la kazi kama Upwork, wanakata asilimia 20, umebaki na 80. Upwork walikuwa wanakata asilimia 10 tangu 2023, na kuanzia Mei 2025 mikataba mipya inakatwa kiwango kinachobadilika, kutoka sifuri hadi asilimia 15. Kisha kuna kuhamisha kwenda Payoneer, yaani akaunti ya mtandaoni ya kupokelea malipo ya nje, kuna kutoka Payoneer kwenda benki yako hapa, na benki inabadilisha kwa kiwango chake, ambacho si kile unachokiona Google. Kila kituo kinabaki na chake.

Na bei ya dola yenyewe haitulii. Katikati ya 2024 dola ilipita shilingi 2,700. Mwezi Desemba mwaka huohuo ilikuwa imeshuka hadi karibu 2,400. Mtu wa dola 500 kwa mwezi alikuwa anapata kama 1,350,000, akajikuta na 1,200,000, kazi ile ile, saa zile zile. Laki na nusu imeondoka, na mwenye nyumba hakupunguza kodi. Ndiyo maana naomba watu wasipange maisha kwa kiwango cha juu walichowahi kukiona. Chukua kiwango cha chini cha mwaka uliopita, panga kwa hicho.

Kwa faida ya mliopangishwa: tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bei za bidhaa na huduma ndani ya nchi kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Mwenye nyumba wa Mikocheni akisikia unalipwa dola na akataka kodi kwa dola, una haki ya kukataa. Kupokea dola kutoka kwa mteja wa nje ni halali, hilo halijaguswa.

Mdau wa Temeke aliandika: PayPal vipi mkuu? Nina mteja anataka kunilipa huko.

Mwanzisha uzi: PayPal ya Tanzania kwa miaka yote niliyoifuatilia imekuwa ya kulipa, si ya kupokea. Wakenya wanapokea na kutolea M-Pesa, ndiyo maana utaona watu mtaani wanakuuzia "PayPal ya Kenya". Usiinunue. Akaunti iliyofunguliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine ikifungiwa, hela yako inafungiwa ndani na huna hoja ya kujitetea, kwa sababu kwenye karatasi si yako. Mwombe mteja atumie Payoneer au akutumie benki moja kwa moja. Mteja wa kweli hatakataa kwa jambo kama hilo.

Vilevile kununua akaunti ya Upwork "iliyothibitishwa", au kuwasha VPN, programu inayoficha mahali ulipo, ujifanye upo Texas. Majukwaa yanakataza, na yanaita watu kwenye video kuthibitisha sura na kitambulisho. Na hapa nchini, TCRA ilitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN watoe taarifa. Mteja mwingine anataka uingie kwenye mifumo yake kupitia VPN ya kampuni, hiyo ni kazi halali, itolee taarifa uwe na amani.

Umeme na intaneti

Sitakaa sana hapa. Mgao wa 2023 na mwanzoni mwa 2024 ulitunyoosha wengi. Tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ianze kuwashwa, bwawa la megawati 2,115, hali ya gridi imekuwa nafuu, ila transfoma ya mtaa ikiungua ni yako na mtaa wako. Kompyuta yenye betri nzima, betri ndogo ya kuendesha rauta, na LUKU isiyosubiri ilie: hivyo vitatu ni vifaa vya kazi.

Intaneti, kuweni na laini za mitandao miwili tofauti. Saa moja ya kikao cha video inaweza kumeza GB moja na zaidi, kwa hiyo bando la siku halikutoshi. Lakini kuna siku laini mbili hazisaidii. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini, mitandao yote ikawa inachechemea. Na kuanzia 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Wapo waliopoteza wateja wiki ile. Mteja wa Ohio hajui yanayotokea Dar, anachoona ni kwamba umepotea. Mwambieni mteja tangu siku ya mkataba: nikipotea, namba hii ya kawaida ndiyo utapiga, na kazi imehifadhiwa mahali fulani. Ukiona dalili mapema, mwandikie kabla. Umeme ukikugomea nyumbani, kuna sehemu za kulipia meza mjini, na pale COSTECH, Sayansi, kuna Buni Hub ambapo utakutana na watu wa fani hizi.

Kijana wa Gongo la Mboto aliandika: Kaka, mimi sijasomea kompyuta, nina diploma ya ualimu na simu tu. Na nasikia akili mnemba imeshamaliza hizi kazi. Kuna haja?

Mwanzisha uzi: Mdogo wangu, kwanza hilo la kusomea kompyuta. Ni kweli watengenezaji wa programu wanalipwa vizuri, ila mimi si mmoja wao, na dada wa Kimara hapo juu naye siye. Kuna kutunza hesabu, kuhudumia wateja, kupanga ratiba za bosi, kuhariri video, kufundisha, kutafsiri. Wewe ni mwalimu. Kiswahili chako sanifu, kilichofundishwa darasani, ni ujuzi wenye soko. Umoja wa Afrika ulikipa Kiswahili hadhi ya lugha ya kazi mwaka 2022, UNESCO wameitenga tarehe 7 Julai kuwa siku yake, na wageni wanaotaka kujifunza kabla ya kuja huku wapo kwenye majukwaa ya kufundisha lugha. Watanzania tunadhani kila mtu anakijua kwa hiyo hakina thamani. Mkenya analiona soko hilo na analifanyia kazi.

Kuhusu akili mnemba, nakujibu kwa uaminifu: imekula kazi rahisi. Kunakili sauti kwenda maandishi, tafsiri nyepesi, makala za kujaza tovuti, bei zimeanguka. Kilichobaki kwenye tafsiri ni kusahihisha kilichotoka kwenye mashine, na hapo anahitajika mtu anayejua Kiswahili kweli. Hata kazi za kuifundisha mashine yenyewe si za kuzitegemea peke yake. Machi 2024 jukwaa la Remotasks liliwafungia Wakenya ghafla, watu walioishi kwa kazi hiyo wakaamka hawana pa kuingia. Usiwe na mteja mmoja, usiwe na jukwaa moja.

Simu tu haitoshi kwa nyingi ya kazi hizi, nakuambia ukweli ili usiliwe na wanaosema inatosha. Kompyuta iliyotumika inapatikana Kariakoo, itafute yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD, na ijaribu dukani na kamera yake na maikrofoni yake kabla hujatoa hela. Usikope kwa riba kuinunua. Endelea na tuisheni za mtaani, weka kidogo kidogo.

Mdau wa Ubungo aliandika: Na TRA? Si hela ya nje haina kodi?

Mwanzisha uzi: Ina kodi, mkuu. Sheria ya Kodi ya Mapato inamtoza mkazi wa Tanzania kwa kipato chake chote, cha ndani na cha nje. Kwamba mteja yuko London hakubadilishi kitu. TIN ni bure, nenda ofisi ya mkoa wako wa kodi ueleze shughuli yako ilivyo, wakupangie. Tunza kila ankara na kila taarifa ya Payoneer, maana gharama za bando, kompyuta na makato ya jukwaa zinahusika kwenye hesabu ya faida. Na ukiwa na makaratasi haya, siku utakapokwenda benki kuomba mkopo wa kiwanja hutaulizwa "mwajiri wako nani" ukakosa la kujibu.

Kwa aliyeuliza inbox aanzie wapi wiki hii, kabla ya hata kuandika ombi moja: toa kitambulisho chako cha NIDA, kadi ya benki na cheti cha shule, uviweke mezani. Angalia jina limeandikwaje kila mahali. Wengi wetu tuna jina la tatu hapa ambalo kule halipo, au Mohamed yenye m moja hapa na mbili kule. Payoneer wanataka jina la akaunti lifanane na kitambulisho, na benki inataka lifanane na lake. Nenda karekebishe sasa, wakati bado hakuna hela inayokusubiri upande wa pili, kwa sababu foleni ya kurekebisha jina ikikukuta na malipo ya mwezi yamekwama, mteja atakuwa ameshalipa na wewe huna cha kumdai. Ukimaliza hilo, njoo uandike hapa fani yako ni ipi, tutakuelekeza ni jukwaa gani la kuanzia.